Alama ya Kujumlisha

Tulizifunga arobaini, safu nne za kumi kumi,
katika chumba cha chini cha kiwanda, huku Kysuce:
mafuta mamoja, mzigo mmoja,
chuma cha tanuru moja, siku moja.
Tukawasha umeme, tukazingoja zife.

Ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini na sita
nangoja beringi zife, zamu ya usiku,
na sikio langu la kushoto ndilo lililokuwa kipimo
kabla Želmíra hajaja na nyaya zake.

Namba kumi na saba haikumaliza siku mbili.
Ililia kama punje ya mchanga kwenye meno.
Nilipoifungua, kidonda sawa na ukucha wa mtoto
kwenye njia ya gololi.
"Hiyo ilizaliwa na maradhi yake," alisema Želmíra,
akachora beseni ubaoni:
ukingo huu vifo vya uchanga,
ukingo ule uchakavu,
na hapa chini, palipo tambarare,
mauti yasiyouliza umri.

Nikamwuliza, mbona pacha hawafi pamoja?
Akasema kifo huanzia chini ya ngozi ya chuma,
kwenye doa ambalo jicho halilifikii.
"La kila moja silijui.
Najua tu jinsi madoa yanavyotawanyika."

Ya nne ilikufa saa ya mia sita na kumi na moja.
Kisha tatu kwa juma moja, kama zilizopeana habari.

Radovan wa mauzo akashuka, viatu vinang'aa.
"Nipe namba moja tu."
"Saa mia sita," Želmíra akamjibu,
"na kumi katika kila mia zitakuwa zimeshakufa."
Akaandika mia sita.
Zile kumi alituachia mezani, pamoja na kikombe chake.

Ijumaa ikaja amri: chumba kinatakiwa.
Ishirini na tisa zilikuwa bado zinazunguka,
hazina hata mlio.
Nikazizima zikiwa nzima.
Mkono wangu ulisita kwenye swichi, sijui kwa nini,
ni vyuma tu.

"Sasa tuandike nini? Hazikufa."
"Usiandike zimekufa. Wala usiandike zitadumu.
Andika saa tuliyoacha kuzitazama."
Akachukua kalamu: 1,412, na kando yake
alama ya kujumlisha.
1,412 na alama. 1,412 na alama.
Ukurasa ukafanana na makaburi ya kanisa la mlimani
ukiutazama kwa mbali;
ukiusogelea, kila msalaba unasema
*na zaidi, hatujui kiasi gani.*

Namba thelathini na mbili niliitia mfukoni.
Ni chakavu kwa mujibu wa kanuni, hakuna atakayeidai.
Basi la mwisho la Čadca lilichelewa, theluji ya mvua,
nikawa naizungusha kwa kidole gumba
kituoni, gizani,
inateleza, kimya kabisa,
na hakuna anayehesabu.