Kabla ya Sauti

Sikumbuki alishinda nani. Mwaka ule, wala mwaka wa pili.
Nakumbuka Vespa ya ami Shekue, tuliyoazima tangu Ijumaa,
na baba akiisukuma mtaa mzima wa Kibokoni ikiwa imezimwa,
asije akaamsha majirani wakajua
kwamba Badi wa karakana ya meli
ampeleka mtoto wa kike kutazama vumbi.

Vumbi: ndilo neno la mama.
"Mwenda kuunguza petroli mukale vumbi?"
Na huku yuwafunga mahamri kwenye kitambaa,
mbaazi kwenye mkebe wa maziwa ya unga,
fundo la kwanza kwa hasira, la pili taratibu.

Tulivuka daraja la Nyali taa za njia bado zawaka.
Mtwapa, Kikambala, kisha mkonge,
safu kwa safu hadi macho yachoke,
na njia nyekundu katikati,
na kamba,
na askari wa shamba mwenye kifimbo
aliyeturudisha nyuma kila robo saa
kana kwamba nyuma ndiko tulikolipia.

Saa tano tulingoja.
Muhindi mmoja na wanawe walikuwa na redio;
ikataja majina, ikakoroma, ikanyamaza.
Nikala viazi vya watu. Nikalala.
Nikaamka na siafu ndani ya soksi.

Baba hakuwa akisikia sawasawa.
Miaka kumi na minane ya nyundo ndani ya matumbo ya chuma
ilikuwa imelila sikio la kushoto na nusu ya la kulia.
Basi alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya ardhi,
pale palipokanyagwa pakawa pagumu,
akafumba macho kama anayempima mtoto homa.
"Yaja," akasema.

Watu wakacheka. Hapakuwa na kitu:
kunguru, upepo, mtu akikohoa.
Kisha nami nikasikia, mbali,
kama kitambaa kinachochanwa polepole,
na watu wakaacha kucheka.

Sekunde nne. Labda tatu.
Buluu, kioo, kofia mbili ngumu zikitikisika,
changarawe kwenye miundi yangu,
halafu ukuta mwekundu, na sote twatema.

La saba halikukata kona.
Lilipanda tuta, likalala ubavu ndani ya mkonge,
magurudumu yakizunguka bure.
Baba alikuwa wa kwanza kuruka kamba.
Wanaume tisa, bismillahi, moja, mbili,
likasimama, likaondoka bila hata kuaga,
na baba akarudi akipuliza kiganja kile kile:
alikuwa ameshika bomba la moshi.
Alicheka.
Nyumbani sikupata kumuona akicheka vile.

Usiku mama alimpaka ute wa yai, na neno vumbi hakulisema.
Gauni langu alilifua mara tatu.
Maji ya tatu yalikuwa bado rangi ya chai.

Sasa nakaa Miritini, kando ya njia ya malori ya bandari.
Nikikosa usingizi naweka mkono ukutani.
Yaja, nasema.
Mume wangu hugeukia upande wa pili.
Na lori hupita na kontena lake, zito, taratibu,
halina namba ubavuni,
halishindani na mtu.