Robo ya Sufu

Jumanne lori la mashuka ya hospitali hulala,
nami hupanda ngazi za maktaba, hapa San Antonio,
na penseli mbili (wino hauruhusiwi humu)
na kamusi iliyovunjika mgongo.

Bi Graciela Treviño ananijua kwa mwendo.
Kabla sijamsalimu, filamu iko mezani:
misheni ya ukingoni mwa mto,
mwandiko wa padri umeinama kama mtama penye upepo.
"Hiyo si f," huniambia. "Ni s iliyorefuka shingo."
Miezi mitatu nilitafuta maana ya *fed*.
Kumbe mtu alikufa kwa *sed*, kwa kiu,
hatua mia kutoka mfereji aliouchimba mwenyewe.

Kihispania sikufundishwa. Nilikiingia kwa mlango wa uani,
nikiita majina yenye damu moja na yangu.
*Jabón* akanitolea sabuni,
*azúcar* akacheka, ana meno ya sukari,
*hasta* akapita kizingiti, hata hodi hakupiga.
Nikamuuliza *alcalde*: nawe mtoto wa nani?
Akasema, kadhi ni ndugu yangu, baba yetu Mwarabu mmoja.
Na *arroba*, kipimo chao cha sufu,
ni nduguye robo ile
niliyopimiwa mchele utotoni Lindi, dukani kwa Likomba,
kidole chake kikisaidia mizani.

Somoe hunipigia simu akitoka zamu:
"Pilipili usozila zakuwashiani?
Mtu wa Lindi, misa huijui mbele wala nyuma,
mapadri wa Hispania wamekukosea nini?"
Sina jibu la maana.
Labda ni kazi. Kila usiku nahesabu mashuka machafu,
natia saini,
na hakuna anayeuliza nani aliyalalia.

Basi sikia. Ukurasa wa orodha ya mali:
kengele mbili, moja ina ufa.
Majembe kumi na tisa.
Maksai wa kulimia: Lucero, Canelo, Palomo,
na Golondrino, pembe ya kushoto imevunjika.
Chini yao, mkono uleule, wino uleule:
wanawake wa mitambo ya kufuma, kumi na mmoja.
Sufu waliyopewa, *arroba* moja kila mmoja.
Nukta.

Nilisoma tena, nikidhani ni kosa la macho.
Kisha nikaanza kuwatafuta,
daftari la ubatizo, la ndoa, la mazishi,
popote padri alipoteleza akaandika "mfumaji".
Toribia, mjane.
Ynés, mke wa mchunga kondoo.
Nicolasa, aliyezikwa na kichanga
ambacho hakikungoja maji ya ubatizo.
Kufikia Desemba nilikuwa nao tisa.

Jumapili moja nilikwenda penyewe.
Bwana harusi alikuwa akipigwa picha ukutani,
koti lake jeusi limeshika chokaa begani.
Mwongoza watalii alisifu tao, akasifu mawe.
Chumba cha kufumia ni msingi tu, nyasi zimenyolewa vizuri.
Nilisimama hapo kama mtu aliyefika msibani
watu wameshakunja mikeka, sufuria zimeoshwa,
miaka mia mbili na hamsini baada ya hitima.

Jana usiku nilikuwa jikoni na daftari langu la shule,
mistari kumi na mmoja, miwili mitupu.
Nikaona kitu, nikarudia tarehe, nikahesabu kwa vidole.
Ynés mke wa mchunga kondoo
na Ynés mjane wa Gaspar
ni mwanamke mmoja, aliolewa tena.
Nilimhesabu mara mbili,
kama shuka lililorudi kikapuni.

Somoe alikuwa na usingizi nusu.
"Wamefika wangapi?"
Nikapuliza vumbi la kifutio.
"Wanane."
"Na ng'ombe?"
"Ng'ombe wote wapo."