Utepe wa Njano

Nesi Bisimwa anauzungusha utepe mkono wa Ashuza.
Alama inatua kwenye njano.
"Anakula nini huyu?"
Nsimire anaitazama kalenda ukutani,
ya mwaka juzi, ya kiwanda cha bia.
"Bugali. Sombe. Na samaki, siku nyingine."

Sombe yenyewe ilikuwa ya Jumatano.
Samaki ni sambaza aliowauza Kadutu tangu alfajiri,
akawapima kwa kopo, kopo kwa kopo,
hakubaki hata wa kunusa:
likelemba iliwameza wote.
Ziwa analiona kutoka mlangoni kwake,
lakini maji hununuliwa kwa bidoni,
na kila ngazi wanayopanda
bei nayo inapanda.

"Ulisoma hadi wapi, mama?"
"La nne. Kaka zangu ndio walimaliza."

Bisimwa anaandika. Kadi ina mstari wa uzito,
wa umri, wa chanjo.
Ngazi hazina mstari.
Wala haiulizi bugali hukatwa kwa zamu gani:
baba kwanza, kisha shemeji aliyekimbia vita
na godoro lake kichwani,
kisha wakubwa, wenye mtihani,
hadi mwiko uanze kukwaruza sufuria.

Jioni Nsimire anaushika mwiko.
Kipande cha kwanza, kikifuka mvuke,
anakiweka kwenye kisahani cha bluu,
anakisogeza kwa Ashuza.
Shemeji anakohoa.
Mumewe anauinua uso.

"Nesi ndiye kasema,"
anajibu kabla ya kuulizwa,
na nesi hakusema.