Kilo Kumi

Bi Raya amezimwaga mezani toka mkoba wa ukili:
diski kumi nyeusi, lebo zimeliwa na mende,
moja tu inasomeka, *Kituo, Msimu wa 1992*.
Kaka yake alinunua kabati mnadani, akitaka chuma.
Droo ya chini ndimo zilimokuwa.

Nachomoa kilango cha bati, napasua ganda kwa wembe.
Koga. Nilijua.
Hapa Wete hata chumvi hutoa jasho,
sembuse sumaku ya miaka thelathini.
Duara lenyewe, jembamba kama ganda la kitunguu,
nalipangusa kwa pamba na spiriti, toka kati kwenda nje,
nalisuuza kwa maji ya betri,
nalitundika dirishani kwa kibanio cha nywele cha mke wangu.
Chini, jirani ameanika karafuu.
Sote wawili tunaitazama mbingu ya Limbani,
mvua yake haina adabu.

Usiku nalivisha ganda la diski nyengine.
Mashine inalimeza, inakwaruza,
mlio wa panya ndani ya gunia.
Inarudi nyuma. Inakwaruza tena.
Hitilafu.
Hitilafu.
Kisha jina.

Faki Hamad Ngwali, kilo 18.
Riziki Makame, kilo 60, *makonyo mengi*.
Bi Raya anasogeza kiti.
"Mtafute Mize Kombo, wa Mtambwe."

Mize Kombo. Kilo 41.

Hasemi kitu. Anafungua pindo la kanga,
anatoa stakabadhi ndani ya nailoni,
mwandiko wa kalamu ya wino: kilo 31.

"Soma tena."
Namwambia, sumaku huzeeka, Bi Raya,
huweza kutaja nne pahala pa tatu.
"Basi soma tena."
Nasoma mara kumi na saba.
Mara kumi na sita, arubaini na moja.
Mara moja imenyamaza.

"Mama alizipima nyumbani kwa mizani ya kuazima.
Arubaini na moja.
Mie ndiye niliyezipeleka, kwa baiskeli ya kaka,
nikarudi na pesa za thelathini na moja.
Akalipindua gunia, akatafuta tundu. Halina.
Akasema, basi umeziuza njiani.
Hakunipiga. Bora angenipiga.
Tokea siku ile nikitumwa dukani
chenji huihesabu mara mbili, mbele yangu.
Hata pale hospitali, dawa nimemnunulia mie,
kwa pesa yangu mie,
kaihesabu chenji, vidole vinatetemeka."

Feni inazunguka. Mashine bado inakwaruza,
inatafuta mistari ya watu wengine.

"Kiasi gani?"
Namtajia.
Anatoa noti moja moja, anazinyoosha kwa kiganja,
anazisukuma kwangu, anangoja.

Nazitia mfukoni bila kuzihesabu.

Anautazama mfuko ule kitambo kirefu,
kisha anateremka ngazi,
diski tisa kaziacha mezani.