Hesabu za Njia ya Zihindula

Umeme umekatika Kadutu tangu jioni,
kwa hiyo nakupangia Ulaya kwa mshumaa,
mdogo wangu, na kwa atlasi ya shule
yenye muhuri wa masista na doa la mawese
pale palipokuwa Ureno.

Umesema: nimefika. Siku thelathini na nne kwa miguu,
kucha mbili zimeng'oka,
nikakaa sakafuni kanisani, nikanusa ubani hadi nikalia.
Kisha ukasema: yaya, nimebaki na yuro mia na kumi na mbili,
viza siku kumi na moja,
na ndege iko Brusele.
Simu ikakatika. Vocha.

Sasa sikiliza. Mimi sijavuka hata Ruzizi
bila kuhesabu chenji mara mbili,
lakini bei nazijua tabia zake.
Bei ni mbuzi: ukiikimbilia, inakukimbia,
ukingoja hadi siku ya mwisho, inakupiga pembe.
Usinunue tiketi Ijumaa.
Usinunue chochote karibu na kanisa,
hapo hata maji yana sadaka ndani yake.
Basi la usiku ndilo meli yetu ya Goma:
unalipa njia, kitanda unapewa bure,
hata kama kitanda ni goti lako mwenyewe.
Unakumbuka tulivyolala juu ya magunia ya maharage,
Idjwi ikapita gizani kama ng'ombe aliyelala,
na mama amefunga pesa kwenye pindo la kitenge,
pindo amelikanyaga kwa kisigino hadi alfajiri?
Fanya vivyo hivyo Hispania.

Nimepima kwa njiti za kiberiti.
Kutoka ulipo hadi mpaka wa Ufaransa, njiti tatu.
Milima uliyoipanda ukihema siku mbili
basi litaizunguka wewe ukikoroma. Usione uchungu.
Bordo, shuka. Mkahawa wa stesheni usiutazame;
kula mkate na wale samaki wa kopo,
ni sambaza tu waliovalishwa mafuta.
Parisi yuko binti wa Mwalimu Birhashwirwa.
Nimempigia. Ana godoro, ana watoto watatu, ana ulimi.
Uvumilie ulimi.
Kutoka kwake hadi Brusele hata njiti nzima haifiki.
Jumla ni yuro sabini na nane kwa hesabu yangu,
mia kwa hesabu ya shetani.
Zitakazobaki usininunulie kitu.

Hukuniambia habari za jiwe.
Lile la uani kwa mama, la kusugulia miguu,
ulilolitia ndani ya soksi siku ya kuondoka.
Uliliacha pale kwenye msalaba wa chuma
pamoja na mawe ya watu wengine?
Lilikaa vizuri? Halikubingirika?
Linajua mvua ya aina moja tu, lile.
Parokia ilichanga, mimi nikauza cherehani,
na wala si wewe tuliyekuwa tunamsafirisha,
nisamehe, ni jiwe.

Mvua imeanza kupiga mabati.
Ukurasa wa Ulaya unaishia baharini, chini ya Sisilia.
Sisi tulikuwa ukurasa wa arobaini,
Murhula aliuchana kufungia karanga.
Basi nimeweka punje ya mahindi mezani, juu ya ubao mtupu,
nikapanga njiti kutoka ukingo wa karatasi kuja kwetu.
Kumi na tatu, kiberiti kikaisha.
Zilizobaki nimekadiria kwa vidole.

Kipande hicho kilishalipwa, kwenda na kurudi,
nilisimama dirishani mwenyewe hadi muhuri ukagongwa.
Sikuulizi kama utapanda.
Binti wa Mwalimu naye alikuja kwa wiki tatu,
ni mwaka wa tisa huu.
Naandika saa tu: Jumanne, saa nne asubuhi.
Fika mapema. Miguu ikikataa viatu,
vaa kandambili, hakuna anayekujua huko.