Kopo Jekundu

Faki, mwanangu, lirudishe rafuni hilo kopo jeupe.
Usinambie siagi ni siagi.
Ungenambia chumvi ni chumvi ningenyamaza,
kiberiti ni kiberiti, sawa,
lakini hapa Wete kuna watu wamenuniana
msimu mzima wa karafuu
kwa kilichopakwa kwenye boflo.

Mie nataka ya kopo jekundu, yenye picha ya tausi,
ambayo kifuniko chake ukikibinua kwa kijiko
hutoa mlio mdogo
kama mtoto anapoachia titi.

Unacheka.
Hukuwa umezaliwa mwaka ule wa foleni,
unga kwa kibaba, sukari kwa jina kwenye daftari,
na boflo, ukiipata, unaila kavu
kwa chai ya mkandaa, unamshukuru Mungu.

Mama alikuwa ndani, siku ya kumi na mbili ya uzazi.
Hali. Uji anautazama tu. Supu ya pweza anaipa mgongo.
Mtoto analia, ziwa halitoki.
Jioni moja akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi:
"Ningepata boflo na siagi ya kopo, ningekula."
Baba hakujibu. Akenda kulala.

Mto wa baba, Faki, haukuwa wa sufi.
Tulidhani ni harufu yake mwenyewe, ile karafuu,
kama wewe unavyonuka mafuta ya taa.
Asubuhi mto umelala bapa, foronya tupu,
na baba hayupo.
Pishi mbili. Zilipita njia wanazopita wasiosema,
zama ambazo pishi moja ilitosha kumpeleka mtu jela.
Usiku wa tatu akarudi, suruali imelowa mpaka mapajani,
amelishika kopo kama mtu aliyeshika yai.

Mama alikula. Vipande vinne.
Sisi tulichovya kidole, kila mtu mara moja.
Mie changu nilikinyonya mpaka ngozi ikajikunja.

Sasa sikiliza ujinga wa wanadamu.
Ndugu yangu Mbarouk, tuliyelala naye kitanda kimoja usiku ule,
aliyechovya baada yangu,
anasema kopo lilikuwa la njano.
La njano! Lenye picha ya mnara!
Anaapa kwa kaburi la baba,
namwambia kaburi hilo ni langu pia.
Yuko Unguja, Kikwajuni, ghorofa ya tatu,
na kabatini mwake jekundu halijapata kuingia.
Akija sikukuu huja na kopo lake mkobani
kama mgonjwa na dawa zake.
Mwaka juzi tulitupiana maneno juu ya futari
mpaka mkewe, Salhina, akainuka na sahani yake
akenda kula uani.

Na mdogo wetu Time, yule mchanga aliyekuwa akilia,
aliyerudishiwa maziwa kwa siagi hiyo,
yeye haigusi kabisa. Asema yamchafua roho.

Kopo lenyewe ninalo.
Mama alitia sindano, mie nimetia vifungo.
Kutu imekula rangi yote.
Siku moja nililikwangua kwa kisu, chini, penye mshono,
nikapata chembe, nikaiinua juani.
Haikuwa nyekundu. Haikuwa njano.
Na usiku ule taa yetu ilikuwa koroboi,
na koroboi, wajua,
humdanganya kila mtu kivyake.

Mbarouk sijamwambia.

Basi panda kigoda, nishushie la tausi.
Hilo lenye kibonyeo pia nalitaka.
Bei imepanda?
Nilikuuliza bei?

Na, ngoja. Nifungie na la njano, lile dogo.
Lifunge gazetini, lisionekane.
Kuna mjinga anashuka Mkoani na boti ya Ijumaa,
na kwa uzee alionao
huenda akasahau lake.