Kurasa za Nyuma

Miaka ishirini na sita nilikagua vitabu vya vyama vya ushirika,
kalamu nyekundu mfukoni, begi la turubai begani,
na kila mji niliofika niliuandika mara mbili:
mbele ya daftari pamba na kahawa, mapato na hasara;
nyuma yake, kwa penseli, nilichokula.

Bosi wangu, Bwana Kihwelo, hakuwahi kufunua nyuma.
Angeikuta humo Bukoba nzima:
ndizi na maharage chini ya jani lililolegea kwa mvuke,
na senene wa kukaanga, niliowaogopa siku ya kwanza
na siku ya pili nikawaficha wenzangu wasiwaone.
Angeikuta Kigoma, mgebuka na mawese,
shati langu jeupe likaharibika, nami sikudai fidia.
Dodoma, mlenda. Hapo nimeandika neno moja tu: Teleza.
Masasi, ming'oko ya kuchemsha kwenye kikapu;
mwuzaji alikataa kunipunguzia bei,
akaniongeza mingine.

Sasa goti limegoma. Sipandi tena basi la alfajiri.
Nakaa Magomeni, nyumba ya tatu toka kwa fundi viatu,
na binti yangu Sekela anasema, "Mama, pumzika."
Nimepumzika wiki moja.
Ya pili nikaita bajaji: "Mabibo, sokoni kwa ndizi."

Pale, nyuma ya malori yanayoshusha mikungu,
Ma Koku anapika.
Sufuria lake lina masizi ya umri wa mtu mzima.
Nikaonja. Nikaweka kijiko chini.
Ilikuwa Bukoba, asubuhi, mvua ya ziwa juu ya bati,
karani wa chama akitafuta risiti
ambayo sote wawili tulijua haipo.

"Wewe ni wa wapi kule?" nikamwuliza. "Kamachumu? Muhutwe?"
Akacheka, mwiko hewani.
"Mie wa hapahapa Mabibo. Huko sijafika.
Nilikuwa napika, mama anaonja, anasema: bado.
Napika, anaonja: bado.
Siku aliyonyamaza akaendelea kula,
nikajua nimefika."

Nimekagua maghala, nimekagua mizani na mihuri ya uongo;
hati safi kama ile
sijawahi kuiona.

Tangu hapo naizunguka nchi kwa nauli ya bajaji.
Jumanne niko Tandika kwa kijana wa Kasulu:
mawese yake yanatafuta shati,
nami nimevaa khanga nyekundu makusudi.
Kisutu kuna kachori za Bi Zarina,
pilipili yake haina adabu, haibishi hodi.
Jioni Kariakoo, kikombe kidogo cha kahawa chungu,
kashata, na mabishano ya mpira nisiyoyaelewa
lakini nayaunga mkono.

Na Dar yenyewe?
Nilifunua daftari zima. Hakuna ukurasa.
Humu ndimo nilimofua nguo na kulipia umeme;
nani huandika safari ya kwenda jikoni kwake?

Juzi jirani, Mwashamba, Mzaramo wa Kisarawe,
amenipitishia bakuli juu ya ukuta, limefunikwa sahani:
wali wa nazi, kila punje imesimama peke yake,
kisamvu, na chukuchuku ya changu
iliyokamuliwa ndimu mpaka ulimi ukakaa wima.
Nimekula nimesimama, kandokando ya ndoo za maji.
Miaka yote hiyo, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu,
na mimi natafuta usafiri.

Nimechonga penseli. Nimeandika: Magomeni.

Sasa bakuli liko mezani, limeoshwa, limekauka.
Bakuli la jirani halirudi tupu.
Nimemenya ndizi, napika mbalaga
kama walivyopika Tukuyu nilikozaliwa,
nilikoondoka kabla sijajua kushika mwiko.
Sekela kachungulia mara tatu, njaa inamuuma.
Moto nimeupunguza.
Nimeonja.
Bado.